Chupa ya Mjomba Kobelo

Zana ya sayansi iliyotengenezwa na darasa la tano la Shule ya Msingi Lugongwe ilikuwa na kasoro moja kubwa. Ilifanya kazi.

Zana nyingine za shule hiyo hazikuwa na tatizo hilo. Kulikuwa na moyo wa karatasi ngumu uliobandikwa ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu, mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili, na haukuwahi kumvunjia mtu heshima. Kulikuwa na mfano wa mifupa ya binadamu, wa plastiki, ulionunuliwa mjini Morogoro dukani kwa Girish, ambao ulifungiwa kabatini ili wanafunzi wasiuharibu kwa kujifunza. Ulikuwa humo mwaka wa tatu sasa, mzima kabisa. Wakaguzi walipokuja ulitolewa, ukapanguswa vumbi, ukatazamwa, ukarudishwa.

Kisha akaja Mwalimu Devotha, binti wa Mafiga, Morogoro mjini, akapanda mlima kwa bodaboda huku godoro lake limefungwa nyuma yake. Aliamini kwamba mtoto hukijua kitu akikishika. Chuoni walimfundisha hivyo, na hakuna aliyemwonya kwamba kazini mambo huwa tofauti. Aliwaomba watoto chupa tatu za maji za lita moja na nusu. Wakazikata ubavuni, wakazilaza juu ya benchi midomo ikielekea chini kidogo, wakazijaza udongo. Ya kwanza ilikuwa na ukoka ulioota. Ya pili ilifunikwa majani makavu. Ya tatu ilikuwa na udongo mtupu, kama shamba lililochomwa moto na kulimwa kwa kufuata mteremko. Juu yake unamwaga maji kwa kopo lililotobolewa, kama mvua, na mbele ya kila mdomo unaweka glasi. Glasi zenyewe ndizo zinazofundisha.

Mwalimu Devotha aliwaambia watoto waandike kwenye kila chupa udongo ulikotoka, na hapo ndipo balaa lilipoingia. Yeye alitarajia waandike bondeni, au mlimani, au kando ya mto. Lakini Lugongwe shamba haliitwi kwa mahali, linaitwa kwa mwenyewe. Ukisema kule kwenye mteremko, utaulizwa mteremko wa nani. Basi watoto wakaandika ukweli kama walivyoujua. Chupa ya kwanza waliandika Uwanja wa Msikiti. Ya pili, Msitu wa Serikali. Ya tatu, kwa mwandiko mzuri wa Mwanvita Stambuli, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, iliandikwa Shamba la Mjomba Kobelo.

Mwalimu alilisoma jina hilo na kuliacha. Alikuwa mgeni. Alidhani ni mjomba tu, na kila mtu ana mjomba.

Kobelo alikuwa mjomba wa nusu ya kijiji, na mwenyekiti wa kamati ya shule kwa nusu iliyobaki. Siku ya mkutano wa wazazi alikaa mbele, kwenye kiti pekee chenye mikono. Watoto wakamwaga maji. Glasi ya msikiti ilijaa maji ambayo mtu angeweza kuyanywa. Glasi ya msitu ilipata rangi kama chai ya mkandaa iliyokosa majani ya kutosha. Chupa ya Kobelo ilisita kwanza, ikaziba mdomo, ikavimba, kisha ikatapika kitu kizito chenye rangi ya uji wa ulezi, kikajaa glasi, kikamwagikia benchi na kudondokea viatu vya mwalimu mkuu.

Watu themanini walinyoosha shingo waone. Nyuma kabisa mama mmoja muuza ndizi aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayejiuliza mwenyewe, “Kumbe ndiyo tunayokunywa?”

Hapo watu wakacheka. Kobelo hakuondoka wala hakukunja uso. Alipiga makofi, akamsifu mwalimu, akaomba aletewe ile chupa alione jina vizuri. Wanaomjua waliacha kucheka.

Hidaya, mama yake Mwanvita, alikuwa dada yake Kobelo wa tumbo moja. Milimani huko ardhi hupita kwa akina mama, na mkubwa wa kiume wa ukoo, lukolo kama wenyewe wanavyouita, ndiye anayegawa nani alime wapi. Tangu mjomba wao mkubwa afariki, mgawaji alikuwa Kobelo. Kwa hiyo kile kipande cha bondeni ambacho Hidaya na mumewe walilima maharage na kabichi kilikuwa cha Hidaya kwa damu, cha Kobelo kwa kauli, na cha Stambuli kwa jasho tu. Stambuli alitoka Kingolwira, chini tambarare, akaoa juu, akakaa juu. Alikuwa amelima kipande hicho miaka kumi na miwili.

Siku mbili baada ya mkutano, mke wa Kobelo, Zuleha, alikuja kurudisha bakuli aliloazima mwezi wa Ramadhani. Alikaa, akasifu kuku, akauliza hali ya mgongo wa Hidaya. Akiwa ameshasimama kuondoka, alisema kwamba kaka mtu ametuma neno. Kile kipande cha chini, msimu huu, kipumzike. Anasema asije akaonekana anawapa watu udongo mbaya.

“Kipumzike mpaka lini?” Hidaya aliuliza.

“Hakusema, wifi. Mimi nimeleta bakuli.”

Vuli ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Mbegu za maharage zilikuwa tayari ndani ya debe, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Hakukuwa na kipande kingine. Wangeweza kwenda kulima vibarua vya watu, au Stambuli angeweza kurudi kwao Kingolwira na mke na watoto, kama mtu aliyekwenda safari ya miaka kumi na miwili na kurudi na bakuli.

Stambuli alimwita Mwanvita, akamuuliza kwa upole nani alimwambia aandike jina la mjomba wake.

“Mwalimu alisema tuandike ukweli.”

“Mwalimu ana shamba?”

“Hana.”

“Basi ndiyo maana,” alisema Stambuli, akatoka kwenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

Jumapili walikwenda kuomba radhi, wakiwa na jogoo na kilo mbili za sukari. Kobelo aliwapokea vizuri sana, jambo ambalo lilikuwa ishara mbaya. Stambuli alimpa shikamoo, na Kobelo akaitikia, “Marahaba, mgeni.” Alikuwa amemwita hivyo tangu siku ya harusi, bila kuchoka. Hidaya alipewa kigoda. Stambuli aliangaza macho huku na huku, mwishowe akakalia kinu kilicholazwa.

Walizungumza habari za mvua. Walizungumza habari za fulani aliyeuza pikipiki na sasa anaikodi kwa aliyemuuzia. Zuleha alileta chai vikombe viwili. Baada ya hapo Kobelo alimgeukia dada yake na kusema hana kinyongo na mtoto, kwa sababu mtoto ni wa ukoo, ni wake yeye kuliko alivyo wa huyu, na alimwonyesha huyu kwa kidevu. Alisema anashukuru hata. Watu wengine husafiri mpaka mjini kupimwa, yeye amepimwa hapahapa, bure, na majibu yakasomwa mbele ya watu themanini.

“Sasa kama udongo wa ukoo ni uji,” alisema, “nitampaje dada yangu uji alime?”

“Kaka, kile kipande ndicho kinachotulisha.”

“Nimesema kipumzike. Sikusema kimekufa.”

Stambuli alikohoa kidogo. Alisema labda wangejaribu kupanda mistari ya majani kule juu, kwenye mteremko wa shamba kubwa, ili maji yasishuke kwa kasi. Kobelo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama jogoo.

“Jogoo huyu ni wa kwenu Kingolwira?” aliuliza. “Nasikia gerezani huko wafungwa wanalima kwa mistari. Sisi huku babu zetu walikataa matuta ya mzungu, wakapigwa mabomu ya machozi, na hawakulima kwa mistari.” Mtu asingejua, kwa kumsikiliza, kwamba yeye mwenyewe alizaliwa miaka minane baada ya mzungu kuondoka, na kwamba alichorithi katika vita hivyo ni uvivu wa kupanda majani.

Hatimaye alitoa masharti. Afisa wa elimu wa wilaya angekuja mwisho wa mwezi kutazama zana za shule. Siku hiyo jaribio lirudiwe, hadharani, watu walewale wakiwepo. Jina lilelile, udongo uleule kutoka shamba lake. Ila glasi itoke safi.

“Ikitoka safi, udongo umepona,” alisema. “Na mgonjwa akipona anarudi kazini. Hamtanisikia tena habari ya kupumzika.”

“Na isipotoka safi?” aliuliza Hidaya.

Kobelo alimwita Zuleha aje amchukue jogoo.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Joseph, hakuona ugumu wowote. Viatu vyake vilikuwa vimeshakauka, na Kobelo alikuwa ameshampigia simu. Alimweleza Mwalimu Devotha kwamba sayansi yenyewe inaruhusu kurudia jaribio, ndivyo hata vitabu vinavyosema. Akapendekeza waweke pamba ndani ya mdomo wa chupa. Au udongo uoshwe kwanza. Au maji yamwagwe kidogo tu, kama mvua ya rasharasha, kwani nani kasema lazima iwe masika.

Mwalimu Devotha alisema yeye hatawafundisha watoto kuweka pamba kwenye mlima. Afadhali aandike barua ya kuomba uhamisho.

“Uhamisho wa kwenda wapi, mwalimu?” Mwalimu Joseph aliuliza kwa huruma ya kweli. “Watu huhamishiwa hapa. Juu ya hapa ni nyani.”

Stambuli alikuwa mlangoni muda wote huo, kofia mkononi, akisubiri aambiwe aingie. Hakuna aliyemwambia, kwa hiyo aliongea kutoka palepale. Alitaka kuuliza jambo moja tu. Sheria ya jaribio inasema nini hasa? Udongo uwe wa shemeji?

“Uwe wake,” alisema Mwalimu Devotha.

“Na jina liwe lake.”

“Ndiyo.”

“Sheria inakataza udongo wake kuota kitu?”

Mwalimu alimtazama. Akamtazama mwalimu mkuu. Akasema hapana, sheria haikatazi udongo kuota. Ukoka unataka wiki tatu ushike vizuri, aliongeza, na maji kidogo asubuhi na jioni, na jua.

“Siku zilizobaki ni ishirini na nne,” alisema Stambuli, ambaye alikuwa akizihesabu.

Mwalimu Joseph alisema bado anaona pamba ingekuwa rahisi zaidi.

Kwa hiyo mwanaume wa miaka arobaini, asiye na shamba la kulima, alipata chupa ya kulima. Alikwenda kuchota udongo kwenye mteremko wa Kobelo mchana kweupe, akiwa na Mwanvita kama shahidi. Aling'oa vijishina vya ukoka kando ya njia, akavipanda kimoja kimoja kwa kutumia kijiti, akavishindilia kwa kidole gumba. Asubuhi aliitoa chupa juani, adhuhuri akaihamishia kivulini, jioni akaiingiza ndani. Mbuzi wa jirani aliigusa mara moja na kupata teke ambalo mwenye mbuzi alilizungumzia wiki nzima. Hidaya alisema hajawahi kuona mimba iliyotunzwa vile, na yeye amebeba tatu.

Majirani walipita wakimuuliza Stambuli mavuno yatakuwa gunia ngapi. Aliwajibu kwamba inategemea mvua. Kuna mmoja aliyemwita bwana shamba wa lita moja na nusu, na jina hilo likashika kijiji chote.

Mwanvita ndiye aliyekuwa na tatizo. Alilisema usiku mmoja wakati wa kula, akiwa hamtazami mtu. Shamba la mjomba halina majani. Chupa ina jina la shamba la mjomba. Sasa zana inafundisha nini?

Baba yake alimeza tonge. Alisema zana inafundisha kwamba ukipanda majani, maji yanatoka safi. Hilo si uongo.

“Lakini hajapanda.”

“Bado hajapanda,” alisema Stambuli. “Kula.”

Afisa alifika siku iliyopangwa, saa mbili na nusu baada ya muda uliopangwa, ndani ya gari lenye matope mpaka madirishani. Alikuwa mtu mpole, amevaa shati jeupe, na alionekana kuwa na njaa. Alionyeshwa moyo wa karatasi. Alionyeshwa mifupa ya plastiki, iliyotolewa kabatini kwa heshima kama maiti ya mtu mkubwa, na alipouliza kama watoto huitumia, Mwalimu Joseph alijibu kwamba inatunzwa vizuri sana. Kisha wote wakatoka uwanjani kwenye benchi.

Watu themanini wakawa mia moja na zaidi. Kobelo alikuwa kwenye kiti chake chenye mikono, amevaa kanzu. Hidaya alisimama karibu na ukuta, amekunja ncha ya khanga kwenye ngumi. Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amemwambia binti yake jambo moja tu: ukiulizwa, jibu fupi.

Maji yakamwagwa. Chupa mbili za kwanza zikafanya kama zilivyofanya siku ile. Chupa ya tatu, yenye jina la Mjomba Kobelo kwa mwandiko uleule mzuri na ukoka wa kijani uliosimama kama nywele zilizokatwa jana, ikanyonya maji taratibu. Ilikaa muda. Kisha yakaanza kutoka, tone, tone, halafu uzi mwembamba, na glasi ikajaa maji masafi kiasi kwamba afisa aliiinua na kumtazama mwalimu kupitia humo.

Hakuna aliyecheka. Wote walijua ukoka ule umelelewa na nani, wengine walikuwa wamemuuliza mavuno. Lakini Kobelo alikuwa amegeuka kwenye kiti, anawatazama mmoja mmoja, na wengi wao nao walilima kwa kauli yake.

Afisa alimwita aliyeandika jina. Mwanvita akasogea mbele.

“Kwa nini maji ya shamba hili ni safi hivi?”

Mwanvita aliitazama chupa. “Kwa sababu lina majani. Majani yanapunguza nguvu ya matone, na mizizi inashika udongo.”

“Vizuri sana. Na nani aliyapanda haya majani?”

Ncha ya khanga ya Hidaya ilizunguka kidole mara mbili. Jibu fupi lilikuwepo, na lilikuwa moja tu.

“Baba.”

Pale mbele kiti chenye mikono kililia kidogo. Kobelo alikuwa amesimama. “Ni shemeji yangu,” alimwambia afisa, kwa sauti ya mtu anayeshiriki sifa na mwingine. “Mimi nilimwelekeza.”

Afisa alifurahi mno. Aliandika kwenye daftari lake kwamba jamii imeshirikishwa. Alimshika Kobelo mkono, akamuuliza shamba lina ukubwa gani. Kobelo akasema ekari nne. Na lote limepandwa majani kwa namna hii? Uwanja mzima uligeuka kutazama mlima. Ukungu, ambao siku hiyo ulikuwa upande wa Kobelo, ulikuwa umeufunika mteremko wote mpaka kwenye migomba.

Kobelo naye aliutazama ukungu, kama mtu anayeuomba ushauri.

“Lote,” alisema.

“Basi Alhamisi ijayo nitawaleta wakulima wa vijiji vitano waje wajifunze kwako, mzee. Tutapiga na picha.”

Kesho yake alfajiri mtu alipiga hodi kwa Stambuli. Alikuwa Kobelo mwenyewe, bila kanzu. Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kupiga hodi pale. Siku zote aliita dada yake kutoka barabarani.

“Shemeji,” alisema. Neno hilo lilimtoka kwa shida, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. “Yale mabingobingo ya kulishia ng'ombe, kwa ekari nne, yanaweza kuhitaji mizigo mingapi?”

Stambuli alisema ni mingi. Aliongeza kwamba ingekuwa vizuri kujua kwanza kama mgonjwa amepona, kwa maana ya kile kipande. Kobelo alijibu kwamba mtu haulizwi mambo ya urithi kabla hajanywa chai. Hidaya akampa chai. Akainywa, akashukuru, akasema waanzie upande wa juu.

Ukoo mzima uliitwa. Siku sita watu walipanda na kushuka na mizigo ya majani kichwani, na mvua za kwanza za vuli zikaanza kunyesha jioni. Majani yenyewe hayakuwa kazi kubwa. Kazi ilikuwa mistari. Mstari ukiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande mmoja na kupasua, na kwa jicho hakuna anayeweza kuuona usawa kwenye mlima kama ule. Mwalimu Devotha alikuwa amewatengenezesha watoto kifaa cha kupimia, miti mitatu iliyofungwa kama herufi A na jiwe lililoning'inizwa kwa uzi katikati. Jiwe likitulia kwenye alama, miguu miwili ya kifaa iko sawa. Wazee hawakukijua. Darasa la tano walikijua, kwa sababu wao walikuwa wamekishika.

Basi kila baada ya masomo Mwanvita alitembea mbele na miti yake mitatu, na mwenyekiti wa kamati ya shule akamfuata nyuma akiwa na fungu la vigingi.

“Hapa?” Kobelo aliuliza.

“Hapana, mjomba. Jiwe limekwenda kushoto. Shuka kidogo.”

Alishuka kidogo.

“Hapa?”

“Umeshuka sana.”

Wanaume waliokuwa wakichimba waliinamisha vichwa wakachimba kwa bidii ya ajabu, mabega yakiwatetemeka. Kobelo alipanda hatua moja, akasimama, akasubiri jiwe litulie. Siku ya nne hakuwa akiuliza tena. Alilitazama jiwe mwenyewe. Siku ya tano alimgombeza binamu yake aliyepanda shina nje ya mstari, akamwambia alikuwa akipanda kama mtu ambaye hajakwenda shule.

Habari ya kile kipande cha bondeni hakuna aliyeitaja. Hidaya alipika kwa ajili ya watu wote siku zote sita, akiitazama njia ya bondeni kila aliposimama kuchota maji. Debe la mbegu lilikuwa palepale chini ya kitanda. Wenzao wengine walikuwa wameshaanza kupanda.

Alhamisi shamba lilikuwa na mistari kumi na mmoja ya kijani, kila mmoja juu ya kijituta cha udongo. Kobelo alivaa kanzu. Viti viliazimwa msikitini. Yule jogoo alichinjwa. Saa nne zikapita, saa sita zikapita. Saa saba Mwalimu Joseph alikuja akipanda mlima kwa pumzi fupi, simu mkononi. Afisa alikuwa amepiga. Barabara huko chini imekatwa na matope, mlima umemwagika usiku kwenye vijiji vile vitano vilivyokuwa vinakuja kujifunza. Ziara imeahirishwa mpaka itakapotangazwa.

“Lini?” aliuliza Kobelo.

Mwalimu Joseph alisema kwa uzoefu wake, tangazo hilo huwa halitoki.

Watu walianza kukusanya viti polepole, bila kumtazama mwenye shamba. Manyunyu yalianza. Stambuli alisogea, mikono yake ikiwa bado na michubuko ya mabingobingo, akauliza swali lililokuwa ndani ya vichwa vyote.

“Tung'oe, shemeji?”

Kobelo aliinua macho kwenye mteremko. Mvua iliongezeka, na watu wakajibanza chini ya migomba. Maji yalianza kushuka kutoka juu, mekundu kama kila mwaka, yakafika kwenye mstari wa kwanza, yakatulia nyuma ya kijituta. Yalikaa pale. Yakapenya kidogo upande wa pili, membamba, yakafika mstari wa pili, yakatulia tena. Kobelo alipandisha kanzu mpaka magotini, akatoka kwenye mgomba, akashuka mpaka mstari wa mwisho, juu kidogo ya kile kipande cha bondeni. Aliinama, akayakinga mkononi maji yaliyopenya upande wa pili; hayakuwa mekundu kama ya juu. Alisimama hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili kwa mtu aliyevaa kanzu nyeupe kwenye mvua.

Hidaya alimfuata. Hakuwa amelitaja jambo hili tangu siku ya jogoo, na alilitaja sasa kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hakukuwa na wakati mwingine.

“Na kile kipande, kaka?”

Kobelo alipangusa matope mikononi kwa kutumia kanzu, ambayo haikuwa na cha kupoteza tena.

“Mbegu mnazo?”

“Zipo.”

“Basi mnangoja nini, mvua iishe?” alisema. “Na msikanyage mstari wangu.”

Alimwambia Hidaya, si Stambuli. Lakini Stambuli ndiye aliyekuwa ameshashuka nusu ya njia, kwenda kuchukua jembe.